Askari, Mgeni na Muhuri: Uhakiki wa Sitiari za Kinga ya Mwili katika Kiswahili cha Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sitiari ambazo Kiswahili huzitumia kueleza jinsi mwili unavyokabiliana na virusi. Mbili zimezoeleka, askari na mgeni. Ya tatu, muhuri, humjia kwa urahisi kila anayejaribu kueleza kazi ya seli kwa watu wanaoishi kwa vyeti na kadi. Kipimo kilichotumika ni mchakato mmoja wa ndani ya seli, yaani ufosforishaji wa protini za kinga, na ugonjwa uliochaguliwa ni Homa ya Bonde la Ufa, ambayo imeshapiga kusini-magharibi mwa Uganda zaidi ya mara moja tangu 2016. Inadaiwa kwamba sitiari ya askari inaficha jambo lenyewe linalopaswa kuelezwa, kwamba ile ya mgeni ni kosa la kibayolojia lenye madhara ya kijamii, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili una uwezo ambao waundaji wa istilahi hawajautumia vya kutosha.

Utangulizi

Mwaka 1944 kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kilipatikana katika mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa kitaalamu mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, na jina lake limebaki la huko. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyomo katika wilaya ya sasa ya Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958, miaka 14 baada ya kirusi hicho kuonekana Semliki. Mpangilio wa tarehe hizi ni jambo dogo, lakini utahitajika itakapojadiliwa sitiari ya mgeni.

Mwezi Machi 2016 ugonjwa ulithibitishwa wilayani Kabale, kwa mara ya kwanza nchini Uganda tangu 1968. Mapema mwaka 2023 ulienea katika wilaya ya Mbarara. Wanaoupata kwa kawaida ni wale wanaogusa damu au nyama mbichi ya mnyama aliyeambukizwa: mchinjaji, mchungaji, anayemsaidia mbuzi kuzaa, mama anayeosha matumbo. Mbu nao wamo. Wagonjwa wengi hupata homa ya kawaida na kupona. Wachache hutokwa damu, hupata madhara ya macho au ya ubongo, na baadhi yao hufa. Ankole ni nchi ya ng'ombe, na Nakivale, yenye watu zaidi ya laki moja, ina machinjio, masoko na mbuzi wa nyumbani kama mji wowote wa ukubwa huo.

Nakivale pia ni mahali pa Kiswahili. Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hukutana sokoni kwa lugha hiyo, ingawa si Kiswahili kimoja. Kwa anayetoka Kivu, munganga ni daktari wa hospitali. Kwa aliyesomea vitabu vya Dar es Salaam, mganga bila sifa ya ziada huweza kuwa mtu wa mitishamba, japo serikali ya Tanzania yenyewe ina Mganga Mkuu. Kwa wa kwanza ugonjwa ni SIDA, kwa wa pili ni UKIMWI. Katika hali hiyo mtoa elimu ya afya hushika kile anachodhani kitaeleweka na wote, nacho ni picha. Picha ya kwanza kumjia ni ya askari.

Askari

Maelezo ya kawaida ya kinga kwa Kiswahili, kuanzia darasani hadi redioni, yanafahamika: mwili ni nchi au boma, chembe nyeupe za damu ni askari, virusi ni adui anayevamia. Sitiari hii si ya Kiswahili peke yake. Susan Sontag aliishutumu katika maandishi yake ya 1978 na 1989 kuhusu saratani na UKIMWI, na Emily Martin akaifuatilia hadi ndani ya maabara za Marekani katika kitabu chake cha 1994. Shutuma zao, hata hivyo, ziliandikwa kwa wasomaji ambao wengi wao hawajawahi kuamriwa na askari kushuka kwenye basi.

Haki itendeke kwa sitiari hii. Katika miaka ya kampeni za UKIMWI ilifanya kazi kubwa. Jina lenyewe, Upungufu wa Kinga Mwilini, ni istilahi iliyobeba maelezo ndani yake. Na msikilizaji aliyeambiwa kwamba VVU huwaua askari wenyewe wa mwili alipata jambo lililo karibu sana na ukweli, kwa kuwa kirusi hicho hushambulia hasa chembe nyeupe za aina ya CD4. Vivyo hivyo dawa zikaitwa za kupunguza makali, na Tanzania ikapata kitenzi kizuri zaidi, kufubaza. Rangi hufubaa, haiuawi. Aliyekichagua kitenzi hicho alijua kwamba kirusi hakiondoki mwilini.

Lakini nchini Uganda neno askari halisikiki kama linavyosikika Tanga. Kwa vizazi kadhaa vya watu wa kati na kusini mwa nchi hiyo, Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi na ya kituo cha polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo halikukiongezea wapenzi. Mbarara ilikuwa na kambi kubwa ya jeshi, na ilitekwa na majeshi ya Tanzania mwezi Februari 1979 katika vita vilivyoacha sehemu kubwa ya mji magofu. Mzee wa Mbarara akiambiwa kwa Kiswahili kwamba ndani ya damu yake mna askari, faraja si lazima iwe hisia yake ya kwanza. Kwa mkimbizi kutoka Kivu au Burundi, ambaye mara nyingi alikimbia watu wenye sare za aina zaidi ya moja, mambo ni magumu zaidi. Watunga sera wanaodhani kwamba kutafsiri ujumbe kwa Kiswahili kunatosha wangefaa kuanzia hapo.

Kasoro ya kihistoria ingevumilika kama sitiari ingekuwa sahihi kibayolojia. Inapoingia ndani ya seli moja iliyoambukizwa, haiko hivyo. Kinga ya saa za mwanzo haitegemei askari yeyote anayefika kutoka nje. Inategemea protini zilizokuwa zimekaa ndani ya seli hiyohiyo tangu zamani bila kazi hiyo, ambazo hubadilika tabia baada ya kuongezewa kitu kidogo sana.

Kinachotokea ndani ya seli

Kitu hicho ni fosfati: atomu moja ya fosforasi iliyozungukwa na oksijeni, yenye chaji hasi. Vimeng'enya viitwavyo kinasi huichukua kutoka kwenye ATP na kuiweka juu ya protini, mahali penye asidi amino za serini, threonini au tirosini. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, huiondoa. Chaji ikiongezwa, sehemu za protini zilizokuwa zimekumbatiana husukumana, umbo hubadilika, na uso uliokuwa umefichika hujitokeza. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliugundua mchakato huu katikati ya miaka ya 1950 huko Seattle, wakichunguza jinsi misuli inavyovunja glikojeni ili kupata sukari, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Asili hiyo inafaa kukumbukwa: ufosforishaji ulijulikana kwanza kama jambo la akiba ya chakula. Hauna ukoo na vita.

Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kinapoingia katika seli, RNA yake hutambuliwa na protini iitwayo RIG-I. Inachokitambua ni umbo: ncha ya RNA yenye fosfati tatu mfululizo, isiyofunikwa kama RNA za kawaida za seli zinavyofunikwa. RIG-I huigusa MAVS, protini iliyokaa juu ya mitokondria, na MAVS nyingi huungana kama nyuzi. Mwaka 2015 maabara ya Zhijian Chen huko Dallas ilionyesha hatua iliyokuwa haijaeleweka. MAVS yenyewe hufosforishwa kwanza. Sehemu hiyo iliyofosforishwa huivuta protini nyingine, IRF3, na kuiweka karibu na kinasi TBK1. Ndipo TBK1 huifosforisha IRF3. IRF3 huachia, huungana na mwenzake, huingia ndani ya kiini cha seli na kuiwasha jeni ya interferoni. Watafiti hao walionyesha kwamba protini nyingine mbili zinazopokea taarifa za aina tofauti, STING na TRIF, hutumia utaratibu uleule.

Interferoni, iliyotambuliwa na Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London mwaka 1957, hutoka nje ya seli na kushika vipokezi vya majirani. Ndani ya jirani, kinasi JAK1 na TYK2 hufosforisha protini STAT1 na STAT2. Hizi nazo huungana, huingia katika kiini na kuwasha jeni mamia. Mojawapo hutengeneza kinasi iitwayo PKR, ambayo tayari ilikuwapo kwa kiasi kidogo na sasa huongezeka.

PKR ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini na mhakiki wa sitiari. Inapokuta RNA yenye nyuzi mbili, molekuli mbili za PKR hukaa pamoja juu yake na kufosforishana. Zikishafanya hivyo, huifosforisha protini nyingine, eIF2, ambayo seli huihitaji kila inapoanza kutengeneza protini mpya. Na hapa fosfati haiamshi chochote. Inasimamisha. Utengenezaji wa protini hushuka katika seli nzima, protini za kirusi pamoja na za seli yenyewe. Kama picha ni lazima, hii si picha ya mlinzi anayerusha risasi; ni ya mwenye nyumba anayemwagia maji jiko lake ili mwizi aliyeingia asipate moto wa kupikia, na yeye mwenyewe alale na njaa.

Istilahi ya kuamsha kinga, inayotumiwa sana katika maelezo ya chanjo, inakuwa na shida papo hapo. IRF3 huamshwa na fosfati. PKR huamshwa. eIF2 huzuiwa na fosfati ileile, na uzuiaji huo ndio kinga. Mwalimu anayefundisha kwamba kufosforisha ni kuamsha amefundisha nusu, na nusu iliyobaki itamrudia mwanafunzi wake mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ambako atalazimika kuisahau ya kwanza.

Kirusi hakikai kimya. Protini yake ndogo iitwayo NSs huifanya PKR ipelekwe kwenye mashine ya seli ya kuvunjia protini, na ikavunjwa. NSs hiyohiyo huingia ndani ya kiini na kuzuia jeni ya interferoni isisomwe, na huivunja pia sehemu moja ya mtambo wa jumla wa kunakili jeni. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha jambo ambalo sitiari ya askari haiwezi kulisimulia: katika seli iliyoambukizwa, IRF3 ilikuwa imeamshwa kama kawaida. Kila hatua ya fosfati ilikuwa imekamilika. Kilichokosekana ni usomaji wa jeni mwishoni.

Ebola inakatiza mahali pengine. Mlipuko wa mwaka 2000, uliojulikana kwa jina la Gulu, ulifika Masindi na Mbarara pia. Virusi vya jamii hiyo vina protini VP24, ambayo huzishika protini za kubeba mizigo kuingia katika kiini. STAT1 hufosforishwa vizuri, ikawa tayari, kisha ikabaki nje ya mlango. Zika, kirusi kilichopewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe kilikogunduliwa mwaka 1947, huiharibu STAT2 yenyewe. Virusi vitatu ambavyo historia yake imeandikwa kwa sehemu kubwa nchini Uganda huvunja mlolongo mmoja katika sehemu tatu tofauti.

Kwa lugha ya askari, yote matatu huwa jambo moja: kinga dhaifu. Na neno dhaifu humwangukia mgonjwa. Hakuna anayekana kwamba lishe duni huathiri kinga, wala kwamba kupunguzwa kwa mgao wa chakula katika makazi ya wakimbizi ya Uganda mwaka 2023 kulikuwa jambo la afya pia. Lakini mchinjaji mwenye afya njema aliyeambukizwa hakushindwa kwa kuwa mwili wake ulilegea. Protini zake zilifanya kila lililotakiwa kufanywa, zikanyang'anywa matokeo. Kumwambia ale matunda zaidi ili apate askari wengi ni kumpa lawama badala ya maelezo, tena huku glovu ambazo zingemsaidia hazitajwi.

Mgeni

Sitiari ya pili inaambatana na ya kwanza kiasi kwamba mara nyingi haionekani. Inasemwa kwamba mwili hutambua kitu kigeni na kukifukuza. Vitabu vya lugha nyingi vinasema hivyo, na kwa msomi wa kinga ni maneno ya kawaida tu. Yakitamkwa Nakivale, mbele ya watu ambao wenyeji huwaita wageni, na ambao baadhi yao walizaliwa hapo na wana wajukuu hapo, maneno hayo hubeba mzigo mwingine. Uganda inasifiwa kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inayompa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kwenda atakako, na kwa desturi ya kumgawia kipande cha shamba. Itakuwa ajabu ikiwa sheria inampokea mgeni huku somo la afya linafundisha kwamba afya ni kumfukuza.

Kosa hili ni la kisayansi kabla ya kuwa la adabu. RIG-I haina njia ya kujua asili ya RNA. Inashika umbo fulani mahali fulani. RNA ya mitokondria za seli yenyewe, ikivuja, inaweza kuwasha mlolongo huohuo. Na kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu za jeni ambao seli zao hutoa interferoni bila kirusi chochote, wakaugua vibaya kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, kipokezi kinachobeba uhai wa seli hutumiwa na kirusi kama mlango bila kuulizwa. Fosfati inayoiwasha IRF3 ni ileile inayosimamia sukari ya misuli. Mpaka kati ya cha nyumbani na cha nje, ambao sitiari ya mgeni inauhitaji, haumo ndani ya seli kwa namna hiyo.

Jina la ugonjwa nalo linachangia. Homa ya Bonde la Ufa ni jina la mahali, na mahali penyewe, masikioni mwa msikilizaji wa Isingiro, ni Kenya. Kinachotajwa kwa jina la kwingine ni rahisi kudhaniwa kimeletwa. Ndipo tarehe zilizotajwa mwanzoni zinapokuwa na kazi: kwa ushahidi ulioandikwa, kirusi hiki kilikuwa magharibi mwa Uganda kabla ya mkimbizi wa kwanza wa Nakivale kupewa kiwanja. Watoa taarifa za milipuko wangeweza kulisema hilo kwa sentensi moja kila mara ugonjwa unapotangazwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kutuliza uvumi baadaye.

Muhuri, vazi na kijinga cha moto

Sitiari ya muhuri inavutia. Nakivale, kama makazi yote ya wakimbizi, ni mahali ambapo karatasi bila muhuri ni karatasi tu, na karatasi ileile ikigongwa muhuri hufungua ghala la chakula. Protini bila fosfati na protini yenye fosfati hutofautiana hivyohivyo: mwili uleule, alama ndogo, uwezo mwingine. Mlolongo uliovunjwa na virusi unaelezeka pia. Barua ya STAT1 imegongwa muhuri lakini mlinzi wa lango amezuiwa. Barua ya IRF3 imefika mezani lakini hakuna wa kuisoma. Msikilizaji aliyewahi kusubiri faili lake ofisini ataelewa kwa haraka ambayo mchoro wa kitabu hauwezi kuifikia.

Hata hivyo inakwama mahali pawili. Muhuri haufutiki, ilhali fosfati huondolewa na kurudishwa mara nyingi, na kuondolewa huko ndiko kunakoizuia seli isijiumize. Tena muhuri una ofisa nyuma yake, mwenye nia na madaraka. Kinasi haina nia. Anayesikia muhuri atauliza nani ameugonga, na swali hilo, lenye maana kubwa katika maisha ya mkimbizi, halina jibu ndani ya seli.

Kiswahili kina kitu bora zaidi ya picha, nacho ni kitenzi chake. Waundaji wa istilahi wameelekea kwenye nomino: ufosforishaji, uamilishaji, uzuiaji. Kamusi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile ya tiba ya mwaka 2003 na ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyofuata, zilijenga msingi ambao bila huo mjadala huu usingewezekana, na si haki kuzilaumu kwa kuorodhesha majina, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya kamusi. Lakini mchakato huelezwa kwa vitenzi. Chukua fosforisha. Kwa kauli ya kutendwa, IRF3 hufosforishwa: kuna mtendaji mwingine, TBK1. Kwa kiambishi ji-, protini ingejifosforisha. Kwa kauli ya kutendana, PKR mbili hufosforishana. Kiingereza hutumia neno moja kwa hali hizi mbili za mwisho, na wanafunzi wengi hubaki wakidhani kwamba molekuli moja hujigeukia yenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo ya ziada. Kiambishi -an- kimeshamwambia kwamba wapo wawili.

Kwa maelezo ya watu wasio wanasayansi, kitenzi fosforisha ni kizito, na kiambishi cha kutendesha kinaweza kumpotosha msikilizaji adhani kwamba protini imegeuzwa kuwa fosforasi. Jozi ya vika na vua inafaa zaidi: kinasi huivika protini fosfati, fosfatasi huivua. Jozi hii inarudi nyuma, jambo ambalo muhuri haukuliweza, na haiahidi nguvu. Vazi linaweza kumruhusu mtu kuingia ofisini, na vazi jingine likamzuia kufanya kazi ya shamba; eIF2 iliyovikwa fosfati haifanyi kazi, na hakuna ajabu katika sentensi hiyo. Protini mbili zinaweza kuvikana. Wakongo na Warundi wa Nakivale wanavijua vitenzi hivi bila kamusi, kwa kuwa ni vya nyumbani.

Lipo pia neno kinga lenyewe, ambalo limebebeshwa maana nyingi mno. Katika sera ni hatua za kuzuia ugonjwa; katika biolojia ni uwezo wa mwili; kliniki huweza kuwa chanjo. Lakini kitenzi kukinga kina matumizi ya zamani yasiyo na vita: mtu hukinga maji ya mvua kwa kuweka chombo chini ya ukingo wa paa kabla mvua haijanyesha. Chombo hakimfukuzi mtu. Kimekaa mahali pake kikisubiri. RIG-I, MAVS na IRF3 zimekaa hivyo. Na wahenga waliposema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, kinga yao ilikuwa kijinga cha moto, neno jingine kabisa lililofanana kwa sauti. Mwanaisimu ataonya kwamba hiyo ni homonimu na haithibitishi chochote, na ataonya kwa haki. Mwalimu mbele ya darasa la Mbarara ataitumia hata hivyo, kwa sababu vijinga viwili vinavyowashana vinapowekwa pamoja ni PKR mbili juu ya RNA, kwa ukaribu ambao askari elfu hawaufikii.

Kutoka istilahi hadi ridhaa

Msingi wa kisheria upo. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kukitumia kwa nguvu zaidi, shuleni pia. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Mbarara ina chuo kikuu tangu 1989, hospitali ya rufaa, na kituo cha utafiti cha Epicentre. Utafiti wowote unaofanyika katika mazingira hayo huhitaji ridhaa ya mshiriki, na ridhaa huandikwa kwa maneno. Fomu inayosema kwamba damu itachukuliwa ili kupima askari wa mwili haijamweleza mtu kitu ambacho anaweza kukubali au kukikataa.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi katika chanjo. Hakuna chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa iliyoidhinishwa kwa matumizi ya jumla ya binadamu, lakini za mifugo zipo, na mfugaji huwa na maswali. Chanjo ya zamani iliyopewa jina la Smithburn ilitokana na kirusi kilekile cha Semliki cha 1944, kilichopitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya mpaka makali yake yakapungua. Kwa kondoo wenye mimba inaweza kusababisha kuharibika kwa mimba au wanakondoo wenye ulemavu. Chanjo ya Clone 13, iliyoidhinishwa kwa mifugo nchini Afrika Kusini, ina asili tofauti. Ilitokana na kirusi kutoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ambaye hakuugua sana, nacho kimepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs.

Zote mbili huitwa kwa Kiswahili chanjo hai iliyodhoofishwa. Kwa ya kwanza istilahi inapita. Kwa ya pili inadanganya. Clone 13 ilipodungwa panya waliozaliwa bila kipokezi cha interferoni, iliwaua. Kirusi hicho hakina udhaifu wa kukaa nao kila mahali. Kimekosa chombo kimoja tu, kile cha kuzima mlolongo wa fosfati na interferoni, na kwa mnyama ambaye mlolongo huo haupo hakikuhitaji chombo hicho. Mfugaji wa Isingiro akiuliza kwa nini chanjo moja humtoa kondoo mimba na nyingine ikapewa sifa nzuri zaidi, jibu lipo katika tofauti hii, na linasemeka kwa Kiswahili cha sokoni: hiki kimepunguzwa makali, kile kimenyang'anywa kitu alichokuwa akizimia moto wa mwenye nyumba. Anayeandika vijikaratasi vya idara ya mifugo ana nafasi ya maneno kumi na tano hivi. Yanatosha.